Uko Peke Yako? Funga Mlango

"Uko peke yako?... Haya, funga mlango. Sasa nionyeshe. Taratibu, usione aibu."

Hiyo ni sauti ya mke wangu, Naila. Saa nne asubuhi, chumbani kwetu Misugusugu. Na mlango kaufunga kwa ndani!

Jamani, nilihisi damu yote imepanda kichwani.

Naila ni nesi. Kituo kimempa simu ya kazi, anahudumia wagonjwa wa mbali kwa video. Majina hayaweki, anawapa namba. Huyu alikuwa "17 Kisarawe". Kila siku, saa nne ileile.

Nikimuuliza ni nani, jibu moja tu: "Mgonjwa, Abeid. Zaidi ya hapo siwezi kusema."

Mnanijua. Mimi ndiye mpiga kelele wa haki za wagonjwa kwenye magrupu. Mwaka 2011 karani alisoma majibu ya marehemu mama kwa sauti mbele ya foleni nzima. Mpaka shati alilovaa nalikumbuka.

Lakini siri ya 17 iliniwasha kama upupu.

Naila alipoingia kuoga, nikaifungua ile simu. Namba ya siri nilishamchungulia zamani. Nikaandika: "Mimi ndiye mume wake. Ukipiga tena nakufuata hukohuko Kisarawe." Nikatuma, nikafuta.

Kesho yake saa nne, 17 hakupiga.

Nikavimba kichwa. Nimeshinda!

Naila akakosa raha. Anapiga, haipokelewi. Siku ya tano akaniomba Jumamosi aende Kisarawe kumsalimia baba yangu.

Nikacheka kwa dharau. "Leo baba yangu ndiyo kisingizio?"

Akanitazama sana. "Abeid, niache niende."

"Huendi."

Jumatatu dada yangu Hamisa akapiga. Baba kazidiwa. Kidonda cha sukari, mguu umeoza.

Tulipofika wodini Hamisa akanipa simu ya baba. "Soma."

Ulikuwa ujumbe wangu. Neno kwa neno.

Kumi na saba ni baba yangu mzazi, ndugu zangu. Na alijua ni mimi! Kwa aibu ya kudhaniwa anatembea na mkwewe, tena anayemdhania ni mwanawe wa kumzaa, akaacha kupokea. Hata kituo kilipotuma mtu, alijifungia ndani akajifanya hayupo.

Nikamgeukia Naila. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mara tatu nilimwomba ruhusa nikwambie. Mara tatu akasema: usimwambie Abeid, ataniweka mtandaoni."

Mguu umekatwa chini ya goti.

Wewe unayemchungulia mwenzio nesi, unataka akuthibitishie mapenzi kwa kukupa siri za watu: siri ile si yake. Na siku akikupa, jua na yako ataigawa.

Haya nimemsomea baba kitandani kabla ya kuyaweka hapa. Akavuta shuka, akasema:

"Weka. Jina langu liache. Lako liandike."

Abeid, Misugusugu.