Ukikipenda Hiki, Soma na Kile

Kitabu cha maktaba hunuka vumbi na vidole vya watu. Hiki kilinukia udi, na mshonaji alipokisogeza puani mara ya pili akajiambia labda aliyekiazima kabla yake alikuwa bibi harusi.

Tusimlaumu. Alikuwa amemaliza riwaya ya upelelezi iliyomnyima usingizi wiki nzima, na ilipokwisha akabaki kama aliyefiwa. Magauni ya wateja yamelala mezani, yeye anamuwaza mpelelezi. Basi akafanya kama wafanyavyo wasomaji wote wa maktaba ile: akafunua nyuma ya jalada, penye kikaratasi ambapo kila amalizaye kitabu humwandikia anayekuja kingine cha kufanana nacho. Wenzake huandika kwa penseli. Hapo paliandikwa kwa wino mwekundu: "Ukikipenda hiki, soma cheusi, rafu ya chini kabisa."

"Hiki sikijui," mkutubi alisema akikigeuzageuza kile cheusi. "Hata muhuri wetu hakina."

"Niandikie hivyo hivyo, dada. Hamu itaniua."

Alianza kukisoma saa nane mchana, chumbani mwake mwa kushonea, cherehani imenyamaza. Kilimhusu mwanamke mshonaji, naye akacheka. Kurasa chache mbele, mshonaji yule akasikia mtu anapumua nyuma ya nguo, na dirisha lake likawa ukuta. Msomaji akahisi joto, akanyoosha mkono afungue dirisha bila kutazama. Kiganja kikagonga plasta.

Aliukimbilia mlango, akakishika kitasa, akakizungusha kulia, akakizungusha kushoto, kikazunguka bure kama kijiko kwenye kikombe kitupu, huku udi ukimjaa kooni na pumzi nzito, ya mtu asiye na haraka, ikitoka kwenye nguo za wateja zilizotundikwa, nazo zikijaa na kupungua, zikijaa na kupungua, kana kwamba kila moja ilikuwa na kifua ndani yake.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

Hakujibiwa kwa mdomo. Kitabu kilijifunua chenyewe mpaka kwenye kikaratasi cha nyuma, na wino mwekundu ukajiandika: "Mgeni wangu wa kabla yako alikupendekezea wewe, nikamwachia. Mpendekezee mwingine, nawe nikuachie."

Akaelewa. Akamlaani mtu huyo asiyemjua, laana ya kuutosha ukoo mzima, na akalia kwa hofu kama mtoto. Alikuwa hajajifuta machozi aliposikia hatua kwenye ngazi. Binti yake amerudi kutoka shuleni, binti wa miaka kumi na miwili, asiyebanduka vitabuni, kila alichosoma mama lazima na yeye akisome.

"Mama, mbona umejifungia?"

"Nina kazi."

"Umemaliza kile kitabu kipya? Nipitishie chini ya mlango."

Kitabu kikaanza kuteleza sakafuni kuelekea kwenye upenyo. Mshonaji akakikalia. Alitaka kutoka, jamani. Alitaka jua, alitaka chai, alitaka kumsuka mwanawe nywele jioni ile huku wakibishana nani muuaji. Akisema ndiyo, kisome, basi, kitasa kitashika.

"Mama? Ni kizuri?"

Nguo zikaacha kupumua. Zikawa zinasikiliza.

"Hakina maana, mwanangu," alisema, na akajilazimisha sauti iwe ya mtu aliyechoshwa na kazi tu. "Kinachosha. Wala usikiguse, hata siku moja. Nenda kwa shangazi yako, mle chakula, mwambie ulale huko."

"Leo tu?"

Alijiziba mdomo kwa kitambaa cha mteja mpaka kwikwi ikapita.

"Nenda, mama."

Viatu vya shule vikashuka ngazi, kimoja kikiburuza kisigino. Alivisikiliza mpaka vikaisha. Kisha mkono wa baridi ukamgusa begani, kwa upole kabisa, ukakivuta kitabu kutoka chini yake na kumfunulia ukurasa uliofuata.