Kichakataji cha Tano

Bodi ya kompyuta ilikuwa na vichakataji vinne. Evarista alivihesabu mwenyewe, maana kazi yake ilikuwa kuandika waraka wa kuieleza kompyuta ni vichakataji vipi vinatumia kwa pamoja akiba moja ya kumbukumbu. Lakini kila mara bodi ilipowashwa pale ofisini, mtaani Nkuhungu, hata saa nane mchana, jua likiwaka, orodha ilionyesha vitano. Cha tano hakikuwa na jina.

"Hamza, umechomelea nini tena?"

"Dada Eva, mimi fundi, siyo mganga. Sijaongeza kitu."

Chumba kikanuka ngozi mbichi ya mbuzi. Evarista, na shahada yake na dharau zake, akafungua dirisha. Programu ya ukaguzi ilikataa waraka wenye kifaa kisichoelezwa. Mwenye akili angeuliza kifaa kimetoka wapi. Yeye akakitungia jina, akakipa anwani, akaandika "lazima kiwepo", akatuma. Wakaguzi wa ng'ambo wakaupokea, ukaingia kwenye mashine za watu.

Hapo Hamza akaanza kupungua. Jumatatu alisahau njia ya kwake Area D. Jumatano mkewe, Shamimu, alimletea chakula, naye akamwamkia "shikamoo, mama" kama mgeni, na kila alichosahau kilisikika kikitafunwa polepole ndani ya ile bodi, iliyozimwa, iliyochomolewa waya, iliyofungiwa kabatini, kikitafunwa kama gegedu, huku mnuko wa ngozi ukiwapanda kooni na Shamimu akilia kwa kujiziba mdomo, asije akasikiwa.

Shamimu akamwita baba yake mdogo kutoka Kondoa, mzee Abdulwahab. Hakuwa na mbwembwe. Alifukiza ubani pale ofisini, akasoma dua, akamnong'oneza Evarista:

"Mwanangu, huyu aliyemo kwenye bodi ana jina na mahali pa kukaa. Nani kampa?"

"Mimi, mzee."

"Lifute kabla ya magharibi. Akimaliza kumbukumbu za huyu kijana, atakaa yeye ndani yake."

Evarista akafuta, akatuma. Jibu likaja upesi, la adabu kabisa: jina likishapokelewa haliondolewi, kwa kuwa mashine za wengine zinalitegemea. Kanuni hiyo aliijua. Alikuwa akiwakaripia wenzake kwayo.

"Wanasemaje?" Shamimu akanong'ona.

Kabla hajajibiwa, Hamza akainua kichwa.

"Wamekataa," akasema, kwa sauti ya mtu mzee kuliko wote mle ndani. Akasimama, akamshika Shamimu mkono. "Haya, mke wangu. Twende nyumbani."