Fundo la Mwisho Begani

Uzi ulikuwa na uvuguvugu, kana kwamba kuna mtu ametoka kuuvua sasa hivi. Mama Chiriku aliusikia vidoleni alipokuwa akiufumua kutoka kwenye shali kuukuu alilolinunua mitumbani, akajiambia ni jua la dirishani. Tangu asubuhi mawingu yalikuwa yametanda, jua lenyewe hakuna aliyeliona, lakini mtu mwenye haraka hujidanganya kwa lolote.

Na haraka alikuwa nayo kwelikweli. Binti yake, kitinda mimba, amepata kazi ya kwanza maishani, kuuza mikate kwenye tanuri la mtaa wa pili, na alitaka mkoba mdogo wa kuning'iniza begani: simu, funguo, leso na mafuta ya midomo, basi. Pochi kubwa la mama yake alilikataa katakata. Alisema akilibeba watu watadhani katoroka nyumbani. Alisema na mengine mengi, maana yule hakuitwa Chiriku bure. Alianza kuongea akiwa bado hajafumbua macho, na usiku usingizi ulimkuta katikati ya habari.

Mama yake alifuma kwa sindano ya kulabu bila kuinua kichwa. Kitako cha mkoba kilikwisha jana yake, mwili ukapanda, ukabaki mkanda. Sasa, shangazi yake aliyemfundisha kazi hii hakuwa mtu wa masharti, ila jambo moja alilikazia: usifunge fundo la mwisho kitu kikiwa mwilini mwa mtu. Mpime mkanda, mvue, ndipo ufunge. Mama Chiriku hakuwahi kuuliza sababu. Aliona ni mambo ya watu wa zamani, na watu wa zamani wana mambo, wee acha tu.

Asubuhi ya kwanza ya kazi binti alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akisimulia jinsi atakavyowasalimia wateja. Mama akampitisha mkanda begani, akaona umemkaa sawasawa, akafunga fundo hapohapo na kuukata uzi kwa meno.

Chiriku akanyamaza katikati ya neno.

Halafu akauliza mbona mkoba ni mzito. Humo ndani ilikuwamo simu peke yake. Mama akamwambia aache uvivu, akamsukuma nje.

Adhuhuri dereva wa gari la mikate alimrudisha amefungwa kamba za magunia. Maelezo dereva aliyatoa kwa kunong'ona, akimwangalia binti kwa pembe ya jicho. Alisema asubuhi nzima binti alihudumia watu vizuri, ila hakufungua mdomo. Kisha mwokaji mikate akapita nyuma yake, akamwambia mkoba autundike msumarini kama wenzake, akaugusa mkanda. Basi. Chiriku akamkaba koo kwa mkono mmoja, mwanamume mzito kama magunia mawili ya unga, akamwinua miguu ikaachana na sakafu, akaligandamiza shavu lake kwenye mlango wa tanuri mpaka ngozi ikabaki pale. Na wakati mwenzake akipiga mayowe, yeye alikuwa akicheka, kwa sauti nene ya mzee. Dereva alimtua kitandani akaondoka bila kuaga.

Mama Chiriku aliinama akaona. Mkanda ulikuwa umezama begani, vitanzi vimeingia chini ya ngozi kimoja kimoja, na mkoba pale ubavuni ulikuwa ukivimba na kunywea, ukivimba na kunywea, ukitoa harufu ya nywele zinazoungua. Akashika mkasi. Aliukata uzi mmoja tu, damu ikaruka ukutani, na sauti ya mwanawe, ile yake mwenyewe, ikalia kwamba anamuua. Mkasi ukamponyoka. Akatuma watu wamwite shangazi, kwa sababu mbali na kufuma, shangazi ndiye aliyeitwa mtaani pale dawa za hospitali ziliposhindwa.

Bibi yule alifika, akamtazama mtoto, akalinusa lile shali lililobaki nusu.

"Huyu aliyemwingia alifungwa humu na mtu aliyejua anachokifanya," alisema polepole. "Wewe umemfumua, kisha ukamfungia kwa mwanao."

"Nifanye nini, shangazi?"

"Ulichofunga, kifungue. Mkono wako, si wangu. Na usiishie njiani, mwanangu, hata akikubembeleza kwa sauti ya mtoto. Ukiacha katikati, hutampata tena."

Shangazi akailalia miguu ya binti na kuanza dua. Mama akachukua sindano yake ya kulabu, akaichimbia begani mwa mwanawe kutafuta fundo, akalipata, akalifungua kwa meno, mdomo ukajaa damu, akavuta. Uzi ukatoka mwekundu. Mguu mmoja ukamponyoka shangazi, teke likampata mama kifuani, akasikia ubavu ukilia, akavuta. Na uzi uliokwisha kutoka haukuanguka chini bali ulijizungusha kwenye vidole vyake, ukakaza, ukakata ngozi, ukakata nyama, ukafika mfupani, akavuta, mpaka kidole chake kidogo kikadondoka mkekani, na cha pili kikakifuata, naye bado anavuta kwa vilivyosalia huku mkanda ukichomoka begani kwa mwanawe kitanzi baada ya kitanzi na mtoto akimlilia mama, mama, unaniua mama, na machozi yakamziba macho asione anachokifanya, akavuta hivyohivyo.

Kisha kilio kikakatika, na ile sauti nene ikasema kwa upole, karibu na sikio lake, "Acha, nami nitaacha. Vidole vimebaki vingapi, fundi?"

"Vya kutosha."

Akafumua mwili wa mkoba, akafumua kitako. Kitanzi cha kwanza kabisa kilipoachia, vioo vya dirisha vilipasukia nje, mtaa mzima ukasikia, na uzi ukawa baridi mikononi mwake. Shangazi aliukusanya wote kwenye beseni, pamoja na kilichobaki cha shali, akautia moto uani, akasimama pale hadi likabaki jivu tupu.

Chiriku alizinduka jioni, bega limefungwa bendeji, akaomba maji. Mama yake alikuwa pembeni, mikono imeviringishwa shuka. Kikombe kilikuwa kwenye kigoda. Akajaribu kukiinua, kikateleza. Akajaribu tena. Binti akaitazama ile mikono, ambayo chini ya shuka ilikuwa mifupi mno.

"Ni mimi?" akauliza.

"Ni uzi, mwanangu."

"Mama. Ni mimi?"

Chiriku akajivuta akaketi, akakichukua kikombe, akamnywesha mama yake kwanza.