Maziwa Yasiyojaza Mtungi

Kila asubuhi kabla ya shule, binti yangu Inès hukamua ng'ombe wetu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Tangu mama yake afariki, kazi hiyo ni yetu wawili. Kisha hupeleka mtungi Rwekubo, linakosimama gari la maziwa la Mbarara.

Mwaka huu jua lilikausha nyasi, maziwa yakapungua. Na wakubwa wa kituo cha maziwa, ambao sidhani wamewahi kukamua hata mbuzi, wakatoa amri: mtungi usiojaa haupokelewi, na ukikataliwa mara mbili mwenyewe anafutwa kwenye daftari. Sisi tulikuwa tumeshakataliwa mara moja.

"Maji si haya hapa?" binti wa jirani yetu, Prudence, alimwambia Inès bombani asubuhi iliyofuata. "Jaza tu, we mjinga! Cheupe ni cheupe."

"Mimi sichanganyi."

"Basi mutayakunywa wenyewe, weye na baba yako mununaji!"

Siku hiyo nilimsindikiza, moyo mzito. Rwekubo tukamkuta Molly, mnunuzi mwenyewe kutoka Mbarara, amefura kwa hasira mbele ya wakubwa wa kituo. Wateja wake wa mtaa wa Ruti, huko mjini, walikuwa wamemrudishia maziwa mepesi. Mkononi alishika kipimo cha kioo: kwenye maziwa mazito huelea juu, kwenye yaliyotiwa maji huzama.

Kwa Prudence kikazama.

"Banange, jamani! Hii ni maziwa ama ni mvua?" Molly akauliza. Watu wakacheka. Kwa waliofuata kikazama vilevile.

Inès akasogea. "Huyo hajajaza," karani wa kituo akasema.

"Wewe ngoja!" Molly akatumbukiza kipimo. Kikasimama, shingo juu kama bata.

"Toto, hii ndiyo maziwa! Kuanzia leo ya huyu inapanda gari, ijae isijae. Amri yenu ya kujaza ndiyo ilifundisha watu kutia maji. Imekwisha!"

Vigelegele vikapasuka. Wakubwa wa kituo wakatazama viatu vyao.

Mwalimu Marcienne, aliyekuja kununua maziwa, akawaita watoto, Prudence akiwamo. "Neno *halisi* tumelipata kwa Waarabu. Kwao maana yake ni kitu safi, kisichochanganywa na kingine. Hawakusema kiwe kingi. Na mtu halisi ni hivyo hivyo: hachanganyi ukweli na uongo ili aonekane amejaa."

Inès akaupandisha mtungi wake garini, wa kwanza kabisa. Nikapiga makofi mpaka viganja vikauma.