Taa ya Betri ya Gari la Kaka

Gerejini walikuwemo watatu: rafiki yangu, fundi umeme wa magari; kaka yake, mwenye gari; na mke wa kaka, ambaye rafiki yangu ndiye aliyetangulia kumposa, akakataliwa.

Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ilikataa kuzimika. Fundi akakaza mkanda wa injini, akapima chaji. Kila kitu kilikuwa sawa.

“Kitaa kama punje ya mtama kimekutoa jasho, fundi mzima?” kaka akamtania.

Shemeji akacheka. Wakaondoka kwa miguu, na kicheko chake kikasikika mpaka kwenye kona.

Wivu ukamkaba fundi. Akafunga mlango, akaing’oa betri, akaiweka sakafuni. Gizani taa ikaendelea kuwaka, na kitu kikaguruma taratibu chini ya boneti.

“Laiti vyote vya kaka vingekuwa vyangu,” akanong’ona.

Mngurumo ukakoma. Taa ikazimika.

Kaka yake alifariki jioni hiyo, kabla hajafika nyumbani.