Rangi Chini ya Bolti

Kila asubuhi, kabla ya chai, baba alilifuta gari lake kwa kitambaa laini. Lilikuwa gari la zamani, lililomzidi binti yake kwa umri. Alilipaka rangi mwenyewe, hata ndani ya buti la mizigo, hata kwenye bolti. Kila kitu kiling'aa, isipokuwa taa za nyuma.

Binti alimwambia mara tatu. "Baba, ukikanyaga breki, taa zinafifia."

"Ni balbu tu," baba alijibu. Akaweka mpya. Zikafifia vilevile.

Jioni moja ya mvua, lori liliwagonga kwa nyuma. Dereva alisema hakuona taa. Mama, aliyekaa kiti cha nyuma, aliumia vibaya, akakatwa mguu wa kulia hospitalini.

Buti lilinyooshwa. Baba akalipaka rangi tena. Kesho, kabla ya kupambazuka, angemrudisha mama hospitali kuangaliwa kidonda, kwa gari lilelile.

Baba alipokwenda kununua balbu nyingine, binti alimwita jirani yao, fundi wa umeme wa magari. Mtaa mzima ulimwita Mama Waya.

Fundi aliwasha taa, akakagua. "Balbu nzima. Fyuzi nzima. Basi tutafute njia ya kurudi."

"Kurudi wapi, shangazi?"

"Umeme ukienda kwenye taa, lazima urudi kwenye betri. Hapa unarudi kupitia bati la gari."

Akachukua waya mrefu. Ncha moja aliigusisha upande wa hasi wa betri, nyingine kwenye kishikio cha balbu. Taa ikawaka kwa nguvu.

"Umeona? Njia imezibwa." Akaonyesha bolti ndani ya buti, palipofungwa waya mweusi. "Kuna rangi chini yake. Rangi haipitishi umeme. Babako kalipamba gari mpaka kalipofusha."

Binti hakucheka. "Kwa hiyo mguu wa mama..."

"Tuchomoe betri kwanza, mwanangu. Kisha shika msasa."

Binti alisugua mpaka bati likabaki tupu. Fundi akakaza bolti, akapaka grisi juu kuzuia kutu, akarudisha betri. Binti akaketi kwenye usukani, akakanyaga breki. Ukuta uliokuwa nyuma ya gari ukawa mwekundu.

Baba akatokea, balbu mkononi. Hakutazama ukuta. Alitazama mkwaruzo.

"Nani kaniharibia rangi?"

"Mimi."

"Niombe radhi. Sasa hivi!"

Mama alikuwa dirishani, magongo mapajani, anasikia yote.

Binti hakuondoa mguu kwenye breki.

"Sikuombi, baba. Leo sikuombi, na kesho sikuombi."