Patasi Chini ya Sakafu

Tiberiu alirudi kutoka mlimani alasiri, akaketi barazani, na mkewe alipomletea kahawa akasema, "Asante, Smaranda. Umechoka leo. Hebu kaa kidogo."

Smaranda alibaki amesimama na sinia mkononi. Tangu waoane, Tiberiu hakuwahi kumshukuru kwa kikombe cha kahawa, wala kumwuliza kama amechoka. Hakuwa mume wa kupiga wala wa kutukana. Alikuwa mume wa kutokuona. Kahawa ilikuja, shati lilikuja limepigwa pasi, na fedha zilikuja kutoka Bergamo, Italia, miaka yote ile Smaranda alipokuwa akiwaogesha wazee wa watu ili mumewe abaki kwao Cluj, Romania, akichonga mawe. Vyote vilimjia kama mvua inavyokuja, na mvua haishukuriwi.

Akaketi. Joto lilikuwa likitoka kwenye mwili wa mumewe kama la tanuri la mikate, na nguo zake zilinuka salfa.

"Ulifika wapi leo?"

"Kwenye mashimo ya mvuke. Nikalala kidogo."

"Adhuhuri, na jua lote hili?"

"Kulikuwa na kivuli," akasema, akatabasamu, akainywa ile kahawa inayofuka kwa mkupuo mmoja bila kuipuliza.

Walikuwa wamefika Pantelleria, kisiwa cha Italia, mwezi wa Mei. Shirika moja la sanaa lilikuwa limempa Tiberiu nyumba kwa msimu mzima ili achonge mawe meusi ya kisiwani, na likamruhusu aje na mwenza. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe ya volkano, kuta nene kama za ngome, na paa jeupe la mviringo lililokusanya maji ya mvua na kuyashusha kwenye tangi lililochimbwa mwambani, chini ya jiko. Pale sakafuni palikuwa na tundu la kuchotea maji, lenye kifuniko cha mbao. Mwenye nyumba alikuwa mjane mmoja, Nunzia, mwenye mizabibu na mashamba ya keperi, vitumba vya maua vinavyohifadhiwa kwa chumvi na kuliwa, na gari bovu la mizigo, na sauti iliyofika kabla ya gari.

Siku waliyofika, Nunzia aliwaambia, "Tembeeni mnapotaka. Ila kule kwenye mvuke asilale mtu jua likiwa utosini. Waarabu walipoondoka hapa walituachia majina ya vijiji, na wakatuachia wengine ambao hawakutaka kupanda meli."

"Wengine akina nani?" Smaranda aliuliza.

"Watu wa nje. Huku hatuwaiti kwa jina lao."

Tiberiu alikuwa amecheka, akauliza jiwe gumu zaidi linapatikana wapi.

Kesho yake baada ya ile kahawa, adhuhuri, upepo ulikatika. Smaranda alikuwa jikoni akichambua mnanaa aliposikia sauti chini ya miguu yake. Patasi ilikuwa ikigonga jiwe. Ilipiga mara tatu, ikanyamaza, ikapiga mara mbili. Aliyajua mapigo hayo kama anavyoujua moyo wake. Alikuwa ameishi ndani yake ujana wake wote. Akachungulia dirishani. Tiberiu alikuwa amekaa uani kwenye ukuta wa mawe, mikono magotini, sanduku la vifaa limefungwa kando yake, naye alikuwa akimtazama.

Smaranda akapiga magoti, akainua kifuniko. Baridi ilimpiga usoni. Maji yalikuwa meusi na yametulia, na ile sauti ilitoka nyuma ya maji hayo, mbali ndani ya mwamba, ikawa wazi zaidi, na katikati ya mapigo akasikia mtu akihema kwa taabu.

Akakirudisha kifuniko. Kisha akaisukuma meza nzito ya jikoni, mguu kwa mguu, mpaka ikalifunika tundu.

Miezi iliyofuata ilikuwa mitamu, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye. Yule aliyekaa kwenye mwili wa Tiberiu alimsikiliza. Alimpeleka kutembea kwenye nyanja za mawe makali kama vioo, kwenye bonde la volkano iliyokufa ambamo misonobari imeota, kwenye ziwa la maji ya moto ambalo tope lake watu hujipaka. Alijua kila ufa unaotoa mvuke, na alipopita karibu nao mvuke ulitulia kama mbwa aliyemwona bwana wake.

"Wewe ulikuwa unafanya nini," alimwuliza siku moja, "kabla ya kuwa mke wa Tiberiu?"

Hakusema "kabla ya kuwa mke wangu." Smaranda aliisikia kauli hiyo, akaiacha ipite.

"Nilikuwa nachora watakatifu kwenye kioo. Bibi yangu alinifundisha."

"Kwa nini uliacha?"

Akacheka, mara akajikuta analia, kisha akacheka tena. Kesho yake alikuta mlangoni bamba la jiwe jeusi la kioo, pana kama sinia, lina joto bado. Akachora mtakatifu juu yake.

Lakini mume huyo hakula chumvi. Keperi zilizohifadhiwa kwa chumvi alizisukuma kando ya sahani kwa ncha ya uma, na Smaranda akajifunza kupika chapwa. Mzabibu alioegemea ulikauka upande mmoja. Paka wa Nunzia aliacha kuja. Alipomshika mkewe mkono, malengelenge yalitokea, naye Smaranda akayafunga kitambaa na kuwaambia watu ameungua na sufuria. Na kila adhuhuri, chini ya meza, mapigo matatu, kimya, mapigo mawili, naye akajifunza kuwasha redio saa hiyo, na redio ilipoharibika akajifunza kuimba.

Mabadiliko yalikuja mwezi wa Agosti, kidogo kidogo. Asubuhi moja Smaranda alimletea kahawa, yule kiumbe akainywa, hakusema neno. Siku nyingine alimwonyesha picha ya mtakatifu aliyomaliza kuichora, akajibiwa, "Baadaye." Kisha sanduku la vifaa likafunguliwa. Aligonga mawe kutwa, na Smaranda alipopita mbele yake macho yalimpita kama mtu anayetazama nje ya dirisha. Mpaka siku ile ya joto, upepo wa jangwani umejaza vumbi jekundu nyumba nzima, aliposikia nyuma yake sauti ile ile ya zamani, bila chembe ya ubaya wala wema: "Smaranda. Shati langu liko wapi?"

Na chini ya meza kukagongwa, mara moja tu, kwa unyonge.

Alishuka kwa Nunzia kwa miguu. Alimkuta ghalani akigeuza keperi kwenye mapipa ya chumvi. Nunzia aliona kitambaa mkononi kabla ya kuona uso.

"Mumeo anakula chumvi?"

"Hali."

"Tangu lini?" Smaranda alivuta kitambaa kifunike malengelenge. "Mwanangu, nakuuliza. Tangu lini?"

"Tangu Juni."

Nunzia akajifuta mikono polepole kwenye aproni. "Na muda wote huo wewe ulikuwa unafanya nini? Unapika bila chumvi?"

"Ndiyo."

"Haya," Nunzia akasema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini. "Beba gunia hilo. Maneno ninayo, mama mkwe aliniachia, mshenzi yule, ndicho kitu pekee alichoniachia. Hata siyaelewi."

Waliingia jua likiwa utosini. Yule mume alikuwa amekaa mezani. Nunzia alimwaga chumvi kizingitini, madirishani, akamzungushia yeye na kiti chake, huku akinong'ona maneno yaliyochanganya Kisisilia na Kiarabu cha zamani, na yule mtu hakujitetea, alikunja mikono tu kama mgeni aliyekosewa. Wakaiburuta meza. Smaranda akafunua tundu.

"Mwite," Nunzia alinong'ona. "Lakini mwite kwa kumtaka. Usipomtaka, hatoki."

"Tiberiu," Smaranda akasema tunduni. Maji hayakutikisika.

"Nimekosa nini?" yule wa kwenye kiti akauliza taratibu. "Mimi sikujua mume yukoje. Nilikaa nikajifunza. Nimejifunza kwake, kila adhuhuri namsikiliza huko chini anayowaza, na hakuna siku hata moja aliyokuwaza wewe, Smaranda, aliwaza mawe, basi na mimi nikawaza mawe, si ndivyo anavyokuwa mume?"

Joto lilipanda jikoni mpaka mafuta kwenye chupa yakaanza kuchemka, chokaa ikabanduka darini na kuwaangukia, harufu ya salfa ikaziba koo, na Smaranda, akiwa amelala kifudifudi na kichwa ndani ya lile tundu la baridi, alihisi mkono unaochoma ukimgusa kisigino kwa upole, upole ule ule wa Juni, na akajua kwamba akigeuka tu, akiuona uso huo ukimtazama kama ulivyomtazama kule ziwani, hataita tena jina lolote, kwa hiyo akafumba macho, akakusanya miaka yote ya Bergamo na mashati yote na ukimya wote, akapiga ukelele ndani ya mwamba, "Tiberiu, njoo, njoo unijibu wewe mwenyewe," na kwa kuwa alilitaka jibu hilo kuliko kitu chochote, maji yakatikisika.

Mkono ukaachia kisigino chake. Kitu kama pumzi ya tanuri kilipita juu ya mgongo wake, kikaingia kwenye nyufa za sakafu, na kiti kikaanguka. Tiberiu alikuwa chini, anakohoa majivu. Kucha zake zote zilikuwa zimelika hadi kwenye nyama.

Wiki kadhaa Tiberiu hakusema neno. Nunzia aliwaletea mikate na hakuingia ndani. Septemba, ukungu ulipoanza kushuka kutoka mlimani, Smaranda alikuwa akimlisha supu barazani, kijiko kwa kijiko, Tiberiu alipofungua kinywa na asimeze.

"Nilikuwa nasikia," akasema.

"Najua."

"Ulisogeza meza."

"Nilisogeza."

"Ulikuwa unacheka. Kila siku." Alitazama mikono yake. "Ulijua lini kwamba si mimi?"

"Siku ya kwanza."

Tiberiu alikisogeza kijiko kando. Akamgeukia, akamtazama usoni, akamtazama kweli. "Sasa kwa nini ulinirudisha?"

Smaranda angeweza kumdanganya, na huenda angeshukuriwa. Alikifuta kijiko, akakiweka ndani ya bakuli.

"Yule mwingine alianza kufanana na wewe," akasema, akachukua bakuli likiwa bado nusu, akaingia ndani.